Zitazameni Namba Kabla ya Picha

Wajukuu wangu wa Lugulu, na ninyi mlio kando ya barabara hii iendayo Kitale, wa Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, nisikilizeni tena. Nimechoka kusema, lakini mzee akinyamaza anabaki na deni. Mnakuja na vipakatalishi vyenu mkifurahia grafu mliyoichora jana. Rangi zimepangika, mistari imenyooka. Nikiwauliza namba zilitoka kwa nani na zilipimwa kwa kipimo gani, mnatazamana. Basi neno langu ni moja tu: itazameni data yenyewe kabla ya kuichora, na mkishaichora, irudieni.

Siwakatazi kompyuta. Nawaombea mzijue kuliko sisi tulivyozijua kalamu. Lugha ya Python ni ya bure, na maktaba ya Matplotlib mnayoitumia kuchora ni ya bure pia. Aliyeianzisha, John Hunter, alikuwa akichunguza mawimbi ya ubongo ya wagonjwa wa kifafa, akakosa chombo cha kumridhisha, akatengeneza chake na kukitoa kwa walimwengu mwaka 2003. Alifariki 2012 akiwa na miaka 44. Mtu huyo alichora kwa sababu alikuwa na swali. Ninyi wengi wenu mnachora kwa sababu mmepata msimbo wa kunakili, na mistari michache ya msimbo inatosha kusoma faili, kuchora na kuonyesha. Wepesi huo ndio unaowaponza.

Chukueni mahindi, maana ndiyo yanayotulisha. Tuseme mmepewa daftari la mavuno la kikundi cha wakulima. Wa kwanza ameandika 18, wa pili 22, wa tatu 810. Kompyuta haiulizi kitu. Itamchorea yule wa tatu nguzo inayogusa juu ya ukurasa, na wenzake hawataonekana. Mwenye haraka atasema huyu ni tajiri, au atamfuta akidhani ni kosa. Mwenye subira atapiga simu aulize, naye ataambiwa kwamba wale wawili walihesabu magunia ya kilo 90, na huyu alipima kwa gorogoro. Gorogoro moja ni kama kilo 2, kwa hiyo 810 ni kilo 1,620, yaani magunia 18 kamili. Mavuno yake ni sawasawa na ya wa kwanza! Hakuna amri ya Python ambayo ingewaambia hivyo. Ni kuuliza tu.

Mvua nayo ina mtego wake. Aliyepewa kipimo cha mvua shuleni akienda kwao wikendi, siku zile mbili hazina namba. Wengine wanaacha pengo, wengine wanaandika 0. Pengo na sifuri si ndugu. Sifuri maana yake nilitazama, mvua haikunyesha. Pengo maana yake sikutazama. Na data za setilaiti mara nyingi huandika -9999 pale pasipo na kipimo. Nimeletewa wastani wa mvua ulio chini ya sifuri, na mwenye nao hakushtuka. Mvua ya chini ya sifuri, wajukuu wangu, na sisi tunalima hapa Bungoma!

Msinijibu kwamba wastani na hesabu nyingine za takwimu zitawalinda. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitunga majedwali manne madogo, kila moja lina pointi 11. Wastani ni ule ule katika yote, mtawanyiko ni ule ule, na hata uhusiano wa x na y unafika 0.816 kila mahali. Ukiyachora, moja linapanda kwa mstari wenye vurugu za kawaida, la pili limepinda, la tatu limenyooka kabisa isipokuwa pointi moja iliyopotea njia, na la nne limesimama wima na pointi moja tu iko mbali. Yachoreni wenyewe usiku wa leo, yanapatikana bure. Mtaelewa kwa nini nawahimiza mchore, na kwa nini nawakataza kuchora mkiwa mmefumba macho.

Na mhimili wima wa grafu ya nguzo uanze kwenye sifuri. Mbegu moja ikitoa magunia 18 kwa ekari na nyingine 20, ukianzisha mhimili kwenye 17, nguzo ya pili inakuwa na urefu mara tatu ya ya kwanza. Mkulima anayeitazama karatasi hiyo ataingia mfukoni kununua mbegu ya bei, na ziada kubwa aliyoahidiwa na macho yake haipo shambani. Hamkuandika namba ya uongo hata moja, na bado mmemdanganya.

Sasa picha. Hapa ndipo moyo wangu unapouma zaidi, kwa sababu picha inaaminika upesi. Picha ndani ya kompyuta ni jedwali la namba, si kitu kingine. Ya kwanza kabisa kuingizwa hivyo ilikuwa ya mtoto mchanga wa Russell Kirsch huko Marekani mwaka 1957, vitone 176 kwa 176. Picha ya simu yenu ina mamilioni ya vitone, na kila kitone kina namba tatu, nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255.

Kumbukeni hiyo 255. Umepiga picha ya jani la mhindi, ikatoka na giza. Unaiangaza kwa kuongeza 50 kwenye kila namba. Kitone cha 100 kinakuwa 150, vizuri. Kitone cha 220 kingekuwa 270, lakini nafasi hiyo haipo katika namba za aina hii, kwa hiyo NumPy, maktaba ya Python ya hesabu, inazunguka kurudi mwanzo na kukupa 14. Kilichokuwa karibu na weupe sasa ni cheusi. Jani zima lililong'aa juani linajaa madoa meusi, na programu yako ya kuhesabu madoa inatangaza ugonjwa! Tangu 2017 viwavijeshi vamizi vilipotangazwa nchini, mkulima wetu akisikia kuna madoa au matundu anakimbilia dawa. Utakuwa umemtia gharama kwa kosa la kujumlisha. Tumieni amri ya kujumlisha ya OpenCV, maktaba ya kuchakata picha, ambayo hukomea 255, au badilisheni aina ya namba kwanza.

OpenCV hiyo hiyo husoma rangi kwa mpangilio wa buluu, kijani, nyekundu, na Matplotlib inatarajia nyekundu itangulie. Ukisahau kugeuza, majani yanabaki kijani kwa sababu kijani kiko katikati, nawe unaridhika. Tazama udongo. Udongo mwekundu ukiwa wa kibuluu, simama hapo.

Picha mliyotumiwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida imeshabanwa, na vidoa vidogo vya ugonjwa wa kutu vimefifia au kuungana. Mwambieni mtu aitume kama faili. Na kabla ya kugusa chochote choreni histogramu ya picha, muone namba zake zimekaa wapi. Mwaka 1979 Nobuyuki Otsu aliandika njia ya kuchagua mpaka wa giza na mwanga kutokana na histogramu, nanyi mnaiita kwa amri moja. Ni njia njema, lakini haijui kivuli cha mkono wako ni nini.

Majirani zetu wametuonyesha kazi inavyofanywa. Mwaka 2020 dunia ilianza kushindana kutambua magonjwa kwa programu katika picha 21,367 za majani ya muhogo kutoka Uganda. Nyingi zilipigwa na wakulima katika bustani zao, kisha wataalamu wa kituo cha utafiti wa mazao cha NaCRRI pamoja na maabara ya akili unde ya Chuo Kikuu cha Makerere wakazipa majina: magonjwa manne, na jani lisilo na ugonjwa. Mashindano yalikuja baadaye, macho ya watu yalitangulia. Nuru nayo, ile programu ya simu ya PlantVillage ya kutambua magonjwa ya mazao, iliyotengenezwa pamoja na FAO na IITA, inayozungumza Kiswahili na kufanya kazi hata pasipo intaneti, imelelewa kwa picha ambazo mtu alizitazama kwanza.

Makerere hao hao wameunganisha simu na hadubini ili programu itafute vimelea vya malaria kwenye damu. Najua wapo miongoni mwenu wanaotamani kazi hiyo, na hospitali yetu ya Marafiki iko hapa hapa Lugulu, na malaria tunayo. Itamanini. Lakini jueni kwamba punje ya rangi inayotiwa kwenye damu, ikiganda kwenye kioo, inaweza kufanana na kimelea, na mwenye kujua tofauti ni mtu wa maabara aliyeinama juu ya hadubini miaka mingi. Kaeni naye. Msiende kwake na jibu, nendeni na swali.

Nawaombeni jambo moja la kufanya. Kabla ya kumpa mkulima au daktari jibu la programu yenu, chagueni picha ishirini bila kupendelea, mhesabu madoa au vimelea vyake kwa macho yenu, mwandike kwa kalamu, kisha mlinganishe na hesabu ya kompyuta. Zisipolingana, msimpe mtu jibu hilo mpaka mjue sababu.