Mumbai hadi Nairobi kwa Mabawa ya Kereng'ende

Kutoka Mumbai hadi Nairobi, ukikata anga moja kwa moja, ni karibu kilometa 4,500. Ndege ya abiria huumaliza umbali huo kwa saa sita hivi. Ni kazi kubwa ya akili aliyojaliwa mwanadamu.

Bahari iliyo kati ya miji hiyo huvukwa kila mwaka na mdudu ambaye uzito wake haufiki gramu moja.

Ni kereng'ende wa rangi ya manjano iliyokoza, yule tunayemwona akizunguka juu ya nyasi mvua ikikaribia. Mtazame akitua: mabawa yake ya nyuma yametanuka pale yanapoungana na kiwiliwili, na upana huo ndio unaomwezesha kuelea hewani muda mrefu bila kuyapiga. Charles Anderson, mwanabiolojia aliyeishi Maldives, aliwaona wakifika visiwani kwa makundi kila Oktoba. Akashangaa. Visiwa vile ni vya matumbawe. Mvua ikinyesha, mchanga huinywa, na madimbwi ya kutagia karibu hayapo. Basi wanatoka wapi, na wanakwenda wapi? Baada ya kuweka kumbukumbu kwa miaka mingi, mwaka 2009 alichapisha jibu lake: wanatoka India, wamo safarini kuja Afrika Mashariki.

Na hapa ndipo moyo wangu husujudu. Oktoba, upepo unaovuma chini, juu ya mawimbi, bado ni kinyume chao. Lakini ukipanda zaidi ya mita 1,000, kaskazi imekwisha kuanza. Mabaharia wetu walisubiri hadi ishuke matangani mwao; kereng'ende huifuata kulekule juu.

Nyuma yao huja kozi wa Amur, ndege wa gramu 150 hivi, aliyeanza safari yake Siberia na kaskazini mwa China. Huvuka bahari mchana na usiku bila pa kutua, na inadhaniwa kwamba kereng'ende hao ndio chakula chake njiani. Muumba amempangia msafiri njia, upepo na riziki kwa pamoja!

Wakifika huku, vuli imejaza madimbwi. Hutaga, na kwa muda wa wiki sita hivi yai limekwisha kuwa kereng'ende mwenye mabawa. Waliovuka hawarudi, maisha yao ni mafupi mno. Kwa maelezo ya Anderson, mzunguko mzima huchukua vizazi vinne, na kusi inapoanza ni wazao wao wanaoelekea India, nchi wasiyopata kuiona, wakawahi mvua zake za Juni.