Kalamu ya Karani

Je, ndugu msomaji, amani hufundishwa darasani? Karibu na Nevada City, California, Wakristo wa madhehebu ya Quaker waliwahi kuendesha muhula wa vijana wa sekondari. Walisoma amani, haki na utunzaji wa mazingira. Wakaishi pamoja, wakapika, wakalima bustani. Muhula ulipewa jina la John Woolman (1720–1772).

Huyu alikuwa karani wa duka huko New Jersey, kijana kama sisi. Siku moja tajiri wake alimwamuru aandike hati ya kumuuza mtumwa, mwanamke. Moyo ulimsuta, lakini aliandika. Baadaye mtu mwingine alipomwomba hati ya namna hiyo, alikataa.

Mimi nami niliwahi kuandika risiti dukani kwa mtu. Mizani ilisema kilo nne; bosi akasema andika tano. Nikaandika. Kibarua chenyewe unakijua, ukikipoteza utakula nini?

Basi jibu langu ni hili: darasa halikuondolei woga. Ila ukishakijua kisa cha Woolman, huwezi tena kujitetea kwamba kalamu ilikuwa yako lakini maneno ya bosi. Mtihani wa kwanza alifeli hata yeye. Mimi nangoja wa pili.