Barua kwa Waliobaki Nyumbani

Mtu aliyehamia nchi ya mbali akakuta taabu, je, yampasa kuwaandikia waliobaki nyumbani yote yaliyompata, au aweza kunyamazia mengine asije akawahuzunisha? Swali hili si dogo. Barua moja yaweza kuvuta jamaa nzima, pamoja na watoto na akiba yao yote.

Tuwatazame dada wawili wa Kiingereza wa ukoo wa Strickland, kutoka Suffolk. Mwaka 1832 walivuka bahari pamoja na waume zao, kila jamaa katika merikebu yake, kwenda Kanada ya Juu, nchi ambayo leo ni Ontario. Catharine alikuwa ameolewa na Thomas Traill. Mdogo wake Susanna ameolewa na John Dunbar Moodie, na alisafiri na mtoto mchanga. Waume hao walikuwa maofisa wa jeshi wenye kuishi kwa nusu mshahara, watu wa elimu na adabu, ila shoka hawakulizoea. Mwaka ule kipindupindu kiliwaua wahamiaji wengi. Catharine mwenyewe kilimpata Montreal, akapona.

Akina Traill walikwenda msituni, kaskazini ya Peterborough, jirani na ndugu yao Samuel aliyetangulia. Akina Moodie walijaribu kwanza shamba karibu na Cobourg, kisha mwaka 1834 wakawafuata. Bwana Moodie aliuza haki ya mshahara wake wa jeshi, fedha akaiweka katika hisa za meli ya moshi, ikapotea. Ikaja homa ya kutetemeka, ukaja moto, yakaja madeni. Susanna alikaanga mizizi ya magugu ili apate kitu cha kunywa badala ya kahawa, na nyama ya kindi ikawa kitoweo. Waliomwauni mara nyingi ni Wamississauga, wenyeji wa nchi ile, ambao mababa zao walikuwa wameitoa kwa mkataba wa 1818 kwa malipo ya kila mwaka. Habari ya mkataba huo ingetosha makala nyingine, wala si ya kufurahisha.

Mwaka 1836 kilitoka London kitabu cha Catharine, kilichotokana na barua alizompelekea mama yake na rafiki zake. Ni kitabu cha moyo mchangamfu: maua ya msituni, theluji, namna ya kupika na kujenga. Mwaka 1852 kilitoka cha Susanna, naye aliandika kwa uchungu, akisema wazi kwamba maskini mwenye mikono migumu atapata riziki Kanada, lakini bwana mwenye fedha kidogo asiyejua kulima ataangamia msituni. Msitu ulikuwa ule ule, na ziwa lile lile.

Je, Catharine alisema uongo? Sithubutu kusema hivyo. Mtakatifu Agostino alikataza uongo wote, hata ule wa kumfaa mwenzio. Lakini alifundisha pia kwamba kuficha jambo si sawa na kudanganya. Binti amwandikiaye mama yake mzee, aliye ng'ambo ya bahari na asiyeweza kumsaidia kwa lolote, ana haki ya kumwacha alale usingizi. Barua ile ile ikipigwa chapa hubadilika. Sasa msomaji wake ni mgeni, baba wa watoto watano, anayepima kama auze nyumba. Ukimya uliokuwa huruma kwa mama waweza kuwa mtego kwake, ijapokuwa hakuna neno moja la uongo ndani yake. Kijana wetu aliye Ghuba, apigaye picha mbele ya gari la tajiri wake na kuituma kijijini, afikiri pia ni nani mwingine atakayeiona.

Hata hivyo Susanna naye tusimsifu kupita kiasi. Aliandika alipokwisha kutoka msituni, yu salama mjini Belleville. Ushujaa wake mkubwa zaidi naona ulikuwa katika barua nyingine: mwaka 1838, mumewe akiwa mbali katika utumishi wa wanamgambo, alimwandikia kwa siri Gavana Sir George Arthur, akamweleza umaskini wao bila kupamba na kumwombea mumewe kazi. Kwa mke wa ofisa, aliyelelewa kuficha shida, lazima kalamu ilikuwa nzito. Bwana Moodie alipewa kazi ya kuwalipa wanamgambo mishahara, na mwaka 1839 akawekwa kuwa sherifu.

Catharine alibaki. Nyumba yake iliteketea mwaka 1857, na mumewe, aliyelemewa na majonzi kwa miaka mingi, alifariki mwaka 1859. Yeye aliendelea kukusanya maua na kuandika habari zake, hata alipofariki mwaka 1899, mwenye umri wa miaka 97. Wala vitabu vile viwili havikuwatenga dada hao.