Uungwana wa Nguo na Uungwana wa Adabu



Vijana wetu wamekuwa na hamu kubwa ya kujua namna ya kuvaa: tai gani hupatana na suti gani, mkono wa shati utokeze kiasi gani, saa ivaliwe mkono upi. Hatusemi kwamba jambo hili ni baya. Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, naye hakulihesabu hilo kuwa ni kiburi, kiburi, alieleza, ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Mipaka ya mavazi ya mwanamume ni michache na yajulikana: hariri na dhahabu ni haramu kwake, wala asiburure nguo kwa majivuno. Ndani ya mipaka hiyo avae suti, au avae kanzu na kofia ya vito, mradi awe safi.

Linalotusikitisha ni kwamba wengi wakiisha kufunga tai hudhani uungwana umekamilika. Zamani hapa pwani neno muungwana lilikuwa la nasaba, na mtumwa alikatazwa kofia na viatu mbele ya bwana wake. Sheria ya 1907 iliuondoa utumwa katika pwani ya Kenya. Je, twataka kuurudisha ubwana ule kwa njia ya suti?

Tazameni penye malango ya majumba yetu. Bwana aja na gari, bawabu amfungulia, naye apita kama kwamba lango limejifungua lenyewe. Akisalimiwa, huinua kidole. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa aliyepanda amsalimu aendaye kwa miguu, aendaye kwa miguu amsalimu aliyekaa, na wachache wawasalimu wengi. Aliyepanda hapo ni nani, kama si mwenye gari? Basi kuanza ni juu yake, si juu ya bawabu. Hadithi hii twaijua tangu chuoni, walakini twaisoma kana kwamba ni ya ngamia na farasi tu.

Na simu ni vivyo hivyo. Suratun-Nur imetuamuru tuombe idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, na tukiambiwa turudi, turudi. Na Sunna imeweka kikomo cha mara tatu. Mtu apigaye simu mara kumi, kisha akanuna kwa kutojibiwa, hana tofauti na abishaye hodi mpaka mlango ukang'oka, hata suti yake ikiwa imeshonwa Ulaya.

Nasi hatujitoi katika lawama hii. Usiku mmoja tulitoka darsani ndani ya gari la mwenzetu, na hadithi hiyo hiyo ya salamu ndiyo iliyokuwa imesomwa. Tulimpita bawabu, mzee wa kutuzaa, huku tukibishana juu ya wapokezi wake. Ni yeye aliyeanza kutusalimu.