KENGELE ISIYOJARIBIWA
Masomo: Ezekieli 33:1-6; Matayo 25:1-13; Matendo ya Mitume 11:27-30



Ezekieli aliwekwa kuwa mlinzi. Mungu alimjulisha kwamba mlinzi anayeona hatari na kunyamaza atajibu kwa ajili ya waliokufa. Lakini tuulize neno moja: na kama baragumu yenyewe imeziba matope? Mlinzi ataona, atapuliza, na sauti haitatoka. Kosa lake halikuanza usiku wa hatari. Lilianza siku za amani, alipoacha kuangalia baragumu yake.

Tazameni mlima Nyiragongo. Mwaka 2020 msaada wa Banki ya Dunia kwa watazamaji wa volkano wa Goma ulikwisha. Kwa miezi kadhaa walikosa pesa za intaneti, ile inayoleta habari kutoka vyombo vilivyowekwa mlimani. Tarehe 22 mwezi wa 5, 2021, jioni, moto ulitoka bila watu kuonywa, na watu zaidi ya 30 wakafa. Baadaye wenye elimu walisema mlima ulitoa dalili kwa muda usiofika hata saa moja. Basi, kama dalili ni fupi hivi, sikio linapaswa kuwa tayari mbele yake.

Watu wa Walikale wanakumbuka Luvungi. Tangu tarehe 30 mwezi wa 7 mpaka tarehe 2 mwezi wa 8, 2010, waasi walinajisi watu katika vijiji 13, kwenye barabara ya Kibua na Mpofi. Kambi ya MONUSCO pale Kibua haikuwa mbali, lakini kule simu hazikushika, na kilio hakikufika kwa wakati. Baada ya pale, vijiji vingi vya Kivu vilipewa telefone za kutoa habari ya hatari. Ni jambo jema. Lakini telefone iliyokwisha moto ni jiwe mfukoni.

Wengine watasema: «Sisi tuna manabii na ndoto, Roho atatuonya.» Ni kweli, Roho anaonya! Agabo alitabiri njaa kwa Roho. Na wanafunzi walifanya nini? Hawakukaa kuimba tu. Walichanga mali, wakaituma kwa mkono wa Barnaba na Saulo. Unabii unaleta kazi, hauifuti.

Kwa hiyo, kila Jumamosi, mbele ya maombi ya jioni, kila nyumba ifanye hivi:

1. Telefone ijazwe moto. Namba za shefu wa kijiji, za jirani na za mchungaji ziandikwe pia kwenye karatasi, kwa maana telefone inaweza kuibwa.

2. Filimbi ya nyumba na kengele ya kapela zijaribiwe. Watu watangaziwe kwanza, ili mtu asikimbilie porini bure. Wakubaliane mlio upi ni wa ibada, na upi ni wa hatari.

3. Mbabula itolewe nje mbele ya kulala, hata kama baridi ya Masisi inauma. Hewa ya makala inayoua haina harufu. Juu ya adui huyu, pua yako ni mlinzi kipofu.

4. Ninyi mnaoandikiana na ndugu waliohamia Marekani na Ulaya, wakumbusheni kile chombo cha dari kinacholia kikisikia moshi. Kijaribiwe kila mwezi; batiri ibadilishwe kila mwaka, kama ni ya kubadilishwa; chombo chenyewe kisipite miaka 10. Kikilia kidogo kidogo usiku, kinaomba batiri. Asiitoe batiri ili alale vizuri!

Wapenzi, wale mabikira watano hawakuwa wabaya. Taa walikuwa nazo, na bwana arusi walimngoja. Walikosa mafuta tu, na usiku wa manane si saa ya kuyatafuta. Mwenye kengele isiyojaribiwa yuko katika hatari kuliko asiye nayo: asiye nayo analala jicho moja wazi, lakini yeye amefumba yote mawili.

Bwana atupe amani ya kulala, na moyo wa kukesha. Amina.