Njia ya Walio Nyuma

Mchoro wetu ulirudishwa kwa sababu ya kitu ambacho hakikuwamo. Afisa mipango miji wa halmashauri, binti wa rika la mdogo wangu wa mwisho, aliutandaza mezani, akapitisha kalamu juu ya viwanja vyetu sita, akauliza: "Huyu wa mwisho anatokea wapi?"

Tukatazamana. Marehemu baba alituachia shamba la ekari mbili pembezoni mwa Dar es Salaam, refu kama mkeka: mita 60 za upana barabarani, mita 135 za urefu kwenda ndani. Tuliligawa kama mkate, kila mtu mita 22 na nusu, hakuna wa kulalamika. Wa mbele ni mimi, kwa sababu ndiye mkubwa. Wa nyuma kabisa ni mdogo wetu wa kike. Basi mmoja wetu akajibu kwa kujiamini: "Tutapitana tu, si ni ndugu?"

Yule binti akatabasamu. "Kaka zangu, mmegawana ardhi, hamjagawana njia. Nyie ni ndugu. Wajukuu zenu watakuwa majirani tu. Na mmoja akiuza je?"

Alitaka barabara ya mita 8, ianzie mbele, ipite ubavuni mwa viwanja vyote hadi mpaka wa nyuma, ili siku moja iungane na wale waliopakana nasi huko. Ukipiga hesabu, kila mmoja anatoa mita za mraba 180. Sawa kwa sawa. Lakini nilirudi nyumbani nimefura. Mimi barabara ninayo tayari! Zile mita 8 za mbele nilishazitengea fremu mbili za duka. Wenzangu wanatoa na kupata, mimi natoa tu.

Hapo ndipo lilipoanza swali ambalo limenikalia kichwani mpaka leo. Mtu aliye mbele anadaiwa nini na walio nyuma yake?

Jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba sidaiwi kitu. Nikitoa, nimetoa kwa hisani. Nikampigia mdogo wangu simu, nikamwambia kwa sauti ya mtu mkarimu, "Nimeamua kukupa njia." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Asante kaka. Lakini unanipa njia, au unaacha kunizibia?"

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikumbuka msiba mmoja Tandale, vichochoro vimebanana, jeneza tukalibeba kwa kuliinamisha kila kona, watu wakiomba radhi madirishani mwa watu. Pale hakuna aliyemzibia mwenzake kwa makusudi. Kila mtu alijenga kwenye chake. Njia haikuwa ya mtu, kwa hiyo haikuwa na wa kuitetea.

Wasomaji wa falsafa mtamkumbuka John Rawls na kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu haki. Anatutaka tupange kanuni kana kwamba hatujui nafasi zetu zitakuwa zipi. Nilijaribu. Kama sisi sita tungechora kwanza, halafu ndiyo tupige kura nani akae wapi, nani angethubutu kuchora viwanja vitano visivyo na njia? Hakuna. Tulichora vile kwa sababu kila mmoja alishajua chake, na mimi nilijua niko mbele. Na umbele wenyewe sikuufanyia kazi. Nilizaliwa tu kwanza.

Haya, kwa ndugu nilikubali. Lakini wale wa nyuma yetu, ambao hata majina yao siyajui? Nikamlalamikia mama. Akanitazama kama mtoto. "Baba yenu aliponunua hapa, hiyo barabara unayoringia haikuwepo. Alikuwa anapita kwenye mashamba ya hao hao, na baiskeli yake na magunia ya mihogo. Wakati huo sisi ndio tulikuwa nyuma."

Sitaki kuwapamba watu wa ofisini. Faili letu lilikaa miezi, na "njoo kesho" tulizisikia mpaka tukazizoea. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Hata hati tunayoihangaikia ni ya muda, haizidi miaka 99. Najua pia kwamba neno "umma" huweza kugeuzwa rungu la kumpigia mnyonge. Anayeambiwa atoe ana haki ya kuuliza ni nani hasa anapewa. Mimi niliuliza, nikaonyeshwa: mdogo wangu, na watu waliowahi kumpitisha baba yangu.

Nilichokipoteza siyo fremu mbili tu. Nilipoteza nafasi ya kushukuriwa, na nadhani hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Nilitaka njia iwe zawadi yangu, ili kila apitaye anikumbuke. Lakini hisani hufa na mwenyewe, au hununa siku mkigombana. Njia iliyo kwenye mchoro haijali kama leo tunasalimiana.

Mchoro ulipita mara ya tatu, bikoni zikawekwa. Siku hizi watu wa nyuma wameanza kukatiza pale kwa miguu, asubuhi wakiwahi daladala. Wengine hawanisalimu. Inaniuma kidogo, sitaficha. Halafu najiuliza kama baba naye, na lile gunia na jua lile, alikuwa anasalimia kila shamba alilopita.