Nyumba Hii Ni ya Nani?

Vijana wawili waliooana hapa kwetu Peramiho, wasiorithi shamba wala kiwanja, huanza maisha katika chumba cha kupanga. Kila mwezi kodi yatoka, na mwisho wa mwaka hawana hata tofali moja la kuonyesha. Basi huweka akiba kidogo kidogo, mume kwa useremala wake, mke kwa mahindi, maharagwe na kuku. Miaka ikisha kupita huanza kuulizia. Kiwanja cha kwanza ni cha bei nafuu, lakini maji hutuama hapo wakati wa mvua. Cha pili chapendeza, ila ndugu wawili wanakigombania, na mwenye busara hanunui ugomvi. Cha tatu kina nyumba ya vyumba vitatu ya matofali ya kuchoma, nusu imeezekwa bati, nusu bado iko wazi. Hicho ndicho wanachokichagua, nao wafurahi kama watoto.

Furaha hiyo ni ya haki. Lakini twataka kuwauliza wasomaji wetu neno moja: nyumba iliyonunuliwa kwa jasho la wawili, je, ni haki iandikwe kwa jina la mmoja?

Tumtazame kwanza mnunuzi mwangalifu. Hatoi fedha upesi. Huenda kwa majirani kuuliza habari za muuzaji, hutembea mipaka yote pamoja naye, kisha hufika ofisi ya kijiji. Maana katika nchi yetu ardhi yote ni ya umma, imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini, na ile ya vijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Anayenunua hununua haki ya kuitumia. Hayo yote mnunuzi wetu ayajua. Tena ajua jambo jingine, nalo ndilo kubwa kwa maneno yetu ya leo: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, yamkataza mume au mke kuuza nyumba wanayokaa pasipo ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo auliza, “Mama mwenye nyumba yuko wapi?” Akiambiwa yuko shambani, asema atangoja. Mama aja na udongo mikononi, aulizwa mbele ya mashahidi, akubali, atia dole gumba. Hapo tu ndipo fedha zinapohesabiwa.

Kisha karani auliza, “Jina la mnunuzi?” Bwana ataja lake peke yake. Mkewe amesimama hatua mbili kutoka meza ile, na fedha zile nusu yake zilifungwa katika kanga yake.

Hebu tuone kilichotendeka hapo. Mtu huyu amemheshimu mke wa mwenzake kuliko wake mwenyewe. Mke wa muuzaji alimwona kuwa mwenye nyumba, ambaye pasipo neno lake hapana mauzo. Wake mwenyewe amemwona kuwa mtu aliyemsindikiza. Kama ridhaa ya yule mama ilikuwa ya lazima kwa haki, basi haki ileile yamhusu na huyu. Na kama aliitaka kwa hofu ya kupoteza fedha zake tu, hapo hakutafuta haki, alitafuta usalama wake.

Wakristo twasoma katika Mwanzo, sura ya 23, jinsi Abrahamu alivyonunua shamba na pango la Makpela kwa shekeli 400 za fedha, mbele ya watu wote langoni. Alipewa nafasi ya kuzika bure, akakataa. Alitaka ijulikane wazi ni la nani. Tena shamba lile alilinunua kwa ajili ya Sara, mkewe, apate mahali pa kuzikwa. Twaona mashahidi na maandiko havikuanzishwa na maofisa wa siku hizi. Kazi yake ni kuuonyesha ukweli ulivyo. Basi hati inayosema mnunuzi ni mmoja, hali ni wawili, yaonyesha nini?

Wengine husema: mume ndiye kichwa cha nyumba. Sawa, lakini mweka hazina wa chama hushika fedha za wote, wala hazigeuki kuwa zake.

Wengine husema: mke hakutoa fedha, alipika tu na kulea. Mahakama ya Rufani ya nchi yetu ilikwisha kulijibu hilo mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Ilisema kazi za nyumbani nazo huhesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa, ijapokuwa Bi Hawa mwenyewe hakupata zaidi ya alichokwisha kupewa. Na hapa kwetu hatuna haja ya kwenda mbali: matofali hayafyatuliwi pasipo maji, na maji hayo yamechotwa na nani?

Wapo wanaouliza, “Akiniacha, je?” Swali hili halifai kuchekwa, maana ndoa nyingine huvunjika kweli. Lakini hofu ya kesho haibadilishi aliyefanya kazi jana. Sehemu ya mke ni yake hata akiondoka, kama ilivyo ya mume. Tena tumeona matunda ya hofu hiyo: mke naye hununua kiwanja kwa siri kwa jina la kaka yake, na nyumba moja yawa na hazina mbili zinazofichana. Hatumsifu, lakini twajua alikojifunza.

Jibu gumu kuliko yote ni la mume mwema: “Nampenda, karatasi ya nini?” Bwana, karatasi si ya siku unazoweza kusema. Ni ya siku utakayokuwa umelala kaburini, na ndugu zako wamekaa uani. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963, kwa makabila yafuatayo ukoo wa baba, zilisema mjane hana sehemu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayotetea haki za wanawake ilitoa uamuzi juu ya wajane wawili wa Tanzania, waliofukuzwa nyumbani na ndugu wa waume zao. Ikasema nchi haikuwalinda. Waume wao hatuna sababu ya kudhani walikuwa wabaya. Walikuwa wamekufa tu.

Tena ile Sheria ya Ndoa, kifungu cha 60, hudhani kwamba mali iliyo kwa jina la mmoja ni ya huyo, mpaka ithibitishwe vingine. Ikiwa na majina ya wote wawili, hudhani sehemu zao ni sawa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imemwongezea mwenzi kinga, lakini kinga hiyo sharti aende kuidai, naye ni mjane, na nauli ya baraza hana.

Hati ya haki miliki ya kimila yaweza kuandikwa majina mawili. Na wale ambao hati zao zimekwisha kuandikwa jina moja, ofisi ya kijiji ipo. Waende wote wawili, na hati mkononi, waulize namna ya kuongeza la pili.